Tunasafirisha pilipili manga pamoja na kodi yake: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Fedha, Biashara na Kilimo

Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia Fedha, Viwanda na Biashara, pamoja na Kilimo, nanyi wakuu wa taasisi zilizo chini yao,

Kwa heshima zote nawaandikia kutoka Muheza, mkoani Tanga, ambako kwa mwaka wa tisa sasa ninanunua pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki kutoka kwa wakulima wa vijiji vya tarafa ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Viungo hivyo navianika upya, navichambua, navifungasha na kuviuza nje ya nchi, hasa Ulaya. Nina wafanyakazi saba wa kudumu, wengi wao akina mama, na msimu ukikolea wanafika ishirini na mbili. Mauzo yangu ya mwaka hayajawahi kufika shilingi milioni 200. Nimeona nilitaje hilo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya ninayotaka kuwaeleza inatokana na namba hiyo.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 1, 2015, inaitoza bidhaa inayouzwa nje ya nchi VAT ya asilimia sifuri. Wengi hudhani kwamba sifuri na msamaha ni kitu kimoja, lakini anayeuza nje anajua kuwa tofauti yake ndiyo uhai wa biashara. Bidhaa iliyosamehewa haitozwi kodi pale inapouzwa, ila kodi aliyolipa muuzaji aliponunua vifungashio, umeme na huduma hubaki kuwa mzigo wake. Bidhaa ya asilimia sifuri haitozwi kodi pale inapouzwa, na muuzaji anayo haki ya kurejeshewa ile aliyolipa njiani. Serikali iliamua hivyo kwa hekima: kodi ya mlaji hulipwa na mlaji wa nchi anakoishi, na pilipili yetu isifike sokoni Hamburg ikiwa imebeba asilimia 18 ya Tanzania juu yake, ilhali ile ya Vietnam au ya Madagascar haina mzigo wa namna hiyo.

Haki hiyo, hata hivyo, ni ya aliyesajiliwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Sina neno na nia ya uamuzi huo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Muheza mjini aliupokea kwa furaha, kwa kuwa alitua mzigo wa kuandaa ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwezi na wa kuwatoza kodi wateja wake wa kijijini. Kwangu mimi, ambaye wateja wangu wote wanaonilipa kwa fedha za kigeni wako ng'ambo na nisingemtoza yeyote hata senti moja ya VAT, kuwa nje ya daftari hakukunipunguzia kitu. Kumeniacha nikilipa kodi kama mlaji wa mwisho wa vitu ambavyo mlaji wake wa mwisho yuko Ujerumani.

Naomba mniruhusu nitoe mfano wa shehena moja ya mwaka jana. Ilikuwa tani 3 za pilipili manga, iliyofungashwa kwenye mifuko ya kilo moja moja na kupangwa katika maboksi 150. Mifuko na maboksi viligharimu shilingi 2,360,000, na ndani yake mlikuwa na VAT ya shilingi 360,000. Wakala wa forodha alinitoza shilingi 1,180,000, ambamo 180,000 zilikuwa VAT. Umeme wa mashine ya kuchambulia na matengenezo yake vilinigharimu shilingi 590,000, zikiwamo 90,000 za VAT. Jumla ya kodi niliyolipa ni shilingi 630,000, na risiti zote za EFD, yaani mashine za risiti za kielektroniki, ninazo, zenye namba yangu ya mlipakodi. Faida iliyobaki baada ya kuwalipa wakulima, vibarua, vipimo, lori na meli ilikuwa shilingi 2,100,000. Maana yake ni kwamba kodi ambayo sheria yenyewe inasema bidhaa hii haipaswi kuibeba ilikuwa sawa na karibu theluthi ya faida ile, nami sina pa kuidai.

Ushuru wa forodha nao una hadithi inayofanana na hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 138, inampa anayeuza nje haki ya kurejeshewa ushuru uliolipwa kwa malighafi au vifungashio vilivyoagizwa kutoka nje na kutumika kutengeneza bidhaa iliyosafirishwa. Mifuko ninayotumia, yenye tabaka la ndani la kuzuia unyevu na hewa, naipata Kariakoo kwa mfanyabiashara anayeiagiza kwa kontena zima. Yeye ndiye aliyelipa ushuru, jina lake ndilo lililo kwenye kadhia, yaani hati ya tamko la mzigo forodhani, na mimi ninachopewa ni risiti ya dukani. Siwezi kuthibitisha ushuru gani ulilipwa kwa mifuko yangu 3,000 kati ya mifuko laki kadhaa iliyokuja kwenye kontena lile. Ili niidai haki hiyo ingenibidi niagize mwenyewe kontena zima la mifuko, ambayo ingenitosha kwa miaka kumi na kuharibika ghalani kabla sijaimaliza.

Yako pia maeneo maalumu ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, yaliyowekewa sheria mwaka 2002, ambayo yamekuwa yakitoa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10 na nafuu nyingine nyingi kwa mwekezaji anayeuza nje angalau asilimia 80 ya anachozalisha. Mimi nauza nje zaidi ya asilimia 90. Kinachonikosesha sifa ni mtaji, kwa sababu milango ya mifumo hii imepimwa kwa dola. Natambua kwamba Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilimshushia Mtanzania kiwango cha chini cha mtaji kutoka dola 100,000 hadi dola 50,000, na kwamba mwaka 2025 Serikali ilikiunganisha Kituo cha Uwekezaji na mamlaka iliyosimamia maeneo hayo kuwa chombo kimoja, jambo lililopunguza mizunguko. Hatua hizo ni njema. Lakini dola 50,000 kwa mtu mwenye mashine moja ya kuchambulia, vichanja vya kuanikia kumi na viwili na ghala la kupanga bado ni mlima, na sioni sababu ya kipimo cha vivutio vya mauzo ya nje kuwa ukubwa wa mtaji badala ya kiasi cha mauzo ya nje yenyewe.

Waheshimiwa, pendekezo langu la kwanza, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, ni kwamba kuwe na marejesho ya kiwango maalumu kwa wauzaji wa nje walio chini ya kiwango cha kujisajili VAT. India, ambayo ni mshindani wetu katika viungo na wakati huohuo ni mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu, imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi kuhusu ushuru wa forodha. Serikali yake hutangaza jedwali linaloonyesha kwa kila aina ya bidhaa asilimia ya thamani ya shehena ambayo msafirishaji atarejeshewa, ikiwa imekokotolewa kwa wastani wa ushuru unaojificha ndani ya bidhaa ya aina hiyo. Msafirishaji halazimiki kuthibitisha kila mfuko na kila lebo. Hati yake ya forodha ndiyo dai lake. Mwaka 2021 waliongeza mpango mwingine wa kurejesha kodi na tozo nyingine zinazojificha, kwa utaratibu huohuo wa viwango.

Kwetu vielelezo vyote vinavyohitajika vipo tayari, na vimo ndani ya mifumo ya Serikali. Mfumo wa forodha unajua shehena gani imetoka, lini, ya nani na ya thamani gani. Mashine za EFD zinaonyesha nilinunua nini, kwa nani, na kodi kiasi gani ilikatwa kwa namba yangu. Benki inajua kama fedha ya mnunuzi imeingia nchini. Mifumo hiyo mitatu ikisomana, ofisa anaweza kuhakiki dai la shehena yangu bila mimi kupeleka karatasi hata moja. Naelewa hofu ya Wizara ya Fedha, kwa kuwa marejesho ya kodi yana historia ya risiti bandia na shehena hewa, na kila shilingi inayoibwa kwa njia hiyo imetoka kwenye dawa za zahanati na madawati ya shule. Ndiyo maana sipendekezi mlango ulio wazi. Uwekwe ukomo wa kiasi anachoweza kudai mtu mmoja kwa mwaka, ianze kwa bidhaa chache zilizoorodheshwa, na dai lisilipwe kabla fedha ya mnunuzi haijaonekana benki. Mwizi wa marejesho hushindwa hapo, kwa sababu hawezi kumpata mnunuzi wa kweli wa kumlipa kwa shehena isiyokuwepo.

Iwapo mtaona kwamba utaratibu mpya utachukua muda mrefu kutungiwa sheria, basi ningeridhika pia na njia fupi zaidi: anayethibitisha kwamba sehemu kubwa ya mauzo yake inakwenda nje aruhusiwe waziwazi kujisajili VAT kwa hiari hata akiwa chini ya shilingi milioni 200, aandae ritani kwa vipindi virefu kuliko mwezi, na dai lake lishughulikiwe kwa uharaka unaolingana na ukubwa wake. Sheria inampa Kamishna wa kodi siku 90 za kuamua dai la marejesho. Kwa kampuni kubwa yenye mkopo wa benki siku 90 zinavumilika. Kwa mimi ni msimu mzima, na mkulima wa Amani anayeleta kilo 40 za pilipili mgongoni kutoka shambani anataka fedha taslimu siku hiyohiyo, la sivyo atamuuzia mchuuzi anayepita na mizani isiyokaguliwa.

Naja sasa kwenye taratibu. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam na bahasha ya nyaraka, nikizunguka ofisi hadi ofisi kwa siku tatu au nne. Leo maombi mengi nayafanya nikiwa Muheza kupitia Mfumo wa Dirisha Moja la Kielektroniki, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati wote waliousimamia. Mabadiliko ya mwaka 2019, yaliyohamishia udhibiti wa chakula kwenye Shirika la Viwango, nayo yalipunguza mgongano uliokuwapo baina ya taasisi mbili zilizokuwa zikikagua jambo moja. Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, ambao wengi tunauita MKUMBI, uliyafanya mambo haya yazungumzwe mezani, na tozo kadhaa zikafutwa au kupunguzwa.

Kilichobaki ni ukaguzi wenyewe. Shehena moja ya viungo inahitaji cheti cha afya ya mimea, cheti cha usalama wa chakula, cheti cha mionzi na cheti cha uasili wa bidhaa, kisha ndipo ikamilishe taratibu za forodha. Kila kimoja kina sababu yake, nami sitaki hata kimoja kiondolewe kwa ajili ya kunirahisishia kazi, kwa sababu jina la viungo vya Tanzania likichafuka Ulaya litachafuka kwetu sote. Lakini maombi yameunganishwa huku wachukuaji wa sampuli wakiwa hawajaunganishwa. Gunia moja hufunguliwa mara tatu na watu watatu kwa siku tatu tofauti, na kila likifunguliwa pilipili niliyoikausha kwa uangalifu inavuta unyevu wa pwani. Mtaalamu yeyote wa sumukuvu atawaambia kwamba unyevu ndio mwanzo wa tatizo. Umoja wa Ulaya hauruhusu pilipili manga kuzidi mikrogramu 5 za aflatoksini B1, ambayo ni aina ya sumukuvu, kwa kilo, wala mikrogramu 10 kwa jumla ya aflatoksini zote, nasi tunaifungua na kuifunga mizigo hiyo wakati wa mvua za vuli kwa jina la kuhakiki usalama wake.

Miaka miwili iliyopita ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu, ilinipa cheti ambacho namba ya kundi la mzigo ilikosewa tarakimu moja. Ankara, orodha ya vifungashio na vyeti vingine vyote vilikuwa na namba sahihi. Niliomba kirekebishwe, nikaambiwa kwamba mfumo hauruhusu kurekebisha cheti kilichokwisha kutolewa, hivyo niombe upya, nilipe upya na sampuli ichukuliwe upya. Ilichukua siku 11. Mzigo wangu ulikuwa wa kuchangia kontena na wafanyabiashara wengine, nao hawakuweza kunisubiri, na haikuwa haki wanisubiri. Meli iliondoka, nikalipia ghala Dar es Salaam kwa wiki nne hadi kontena jingine lijae, na mnunuzi akakata asilimia 6 ya bei kwa kuchelewa kama mkataba ulivyosema. Meli zenyewe, tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na siku zinazopotea nchi kavu haziwezi tena kufidiwa baharini.

Ninachoomba hapa hakihitaji sheria mpya. Taasisi zikubaliane juu ya sampuli moja, inayochukuliwa siku moja na ofisa mmoja aliyepewa mamlaka na wenzake, igawanywe katika maabara zinazohusika. Makosa ya uandishi yarekebishwe kwa masahihisho yanayoonekana kwenye mfumo, ndani ya siku moja, bila malipo pale kosa linapokuwa la mtoaji wa cheti. Na kwa msafirishaji ambaye shehena zake kumi mfululizo hazikupatikana na dosari, ukaguzi upungue, ili nguvu ya wakaguzi wetu wachache iende kwa wale wenye mashaka.

Kuna jambo la bandari ambalo linaniuma kama mtu wa Tanga. Kutoka ghala langu hadi Bandari ya Tanga hazizidi kilomita 45. Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha bandari ile, kina chake kikachimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kushushia mizigo kwenye matishari sasa zinafika gatini. Hata hivyo viungo vyangu vinaiacha Tanga mjini na kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300, kwa sababu wanaokusanya mizigo midogo ya kuchangia kontena wako huko, na baadhi ya vipimo navyo viko huko. Naomba Wizara ya Viwanda na Biashara ikae na mamlaka ya bandari na kampuni za mawakala ili kuwe na tarehe moja maalumu kila mwezi ya kujaza kontena la mazao ya wauzaji wadogo hapo Tanga, na wakaguzi wote wawepo siku hiyo. Viungo vya Muheza na mazao makavu ya Lushoto na Korogwe yanayoweza kusafiri pamoja navyo yakikutanishwa, kontena la futi 20 kwa mwezi litajaa. Nimezungumza na wenzangu sita na wote wako tayari.

Kwa Wizara ya Kilimo nina ombi moja. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya kuhusu mazao ya kilimo hai, namba 2018/848, zilizoanza kutumika Januari 2022 na kisha kutoa muda wa mpito kwa vikundi vya nchi kama yetu, zinataka kikundi cha wakulima wadogo kiwe na utambulisho wake wa kisheria, kiundwe na wakulima wenyewe, na kisizidi wanachama 2,000. Zamani msafirishaji kama mimi aliweza kushikilia cheti kwa niaba ya wakulima aliofunga nao mkataba. Sasa wakulima wenyewe lazima wasajiliwe. Binafsi nayaona mabadiliko hayo kuwa ya haki, kwa kuwa mkulima mwenye cheti chake anaweza kunikataa nikimpa bei mbaya. Lakini kusajili ushirika, kuufundisha kutunza kumbukumbu na kumlipa mkaguzi wa nje ni gharama ambayo vijiji vya Amani haviwezi kuibeba peke yao. Iwapo kuna fedha za kuvutia mauzo ya nje, hakuna mahali ambapo zitazaa haraka kuliko hapo, maana ushuru wa Ulaya si kikwazo chetu. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, inaingiza bidhaa zake huko bila ushuru wala mgawo. Kinachotuzuia ni maabara, vyeti na kumbukumbu za shambani.

Na kwenu nyote, naomba mabadiliko ya masharti yasitufikie ghafla. Machi 2021 mahindi yetu yalizuiwa kuingia Kenya kwa tangazo la siku moja. Aprili 2025 sisi wenyewe tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kujibu vizuizi vyao, na siku chache baadaye tukayaruhusu tena. Sibishani na haki ya nchi kulinda wakulima wake. Ila malori yaliyokwama mpakani siku zile yalikuwa ya watu wenye mikataba iliyosainiwa miezi mingi kabla, na matunda hayasubiri mazungumzo. Sharti lolote jipya lisilo la dharura ya afya litangazwe angalau msimu mmoja kabla ya kuanza kutumika, na shehena zilizokwisha kupata vibali ziachwe zimalize safari.

Faili za shehena zangu tano za mwisho, zikiwa na risiti zote za EFD, hati za forodha, vyeti na taarifa za benki, nimeziweka pamoja kwa utaratibu wa tarehe. Ofisa yeyote mtakayemtuma Muheza nitamfungulia zote akokotoe mwenyewe kodi iliyomo, na akiwa na nafasi ya siku moja zaidi nitampandisha Amani azungumze na wakulima walionipa pilipili hiyo, wamweleze wanalipwa kiasi gani kwa kilo na wangelipwa kiasi gani kama ile theluthi isingekuwepo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara mdogo wa viungo,
Muheza, Tanga